Kipindupindu, Cheju na mchele wa dawa

Leo siasa nimeziweka pembeni kidogo (zitarudi, hazina pa kwenda). Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima: mchele wenye chanjo ndani ya punje. Sitanii. Umetengenezwa Tokyo, na ugonjwa unaolengwa si mgeni kwetu hata kidogo. Ni kipindupindu, ambacho Zanzibar imekuwa ikizika watu wake kwa ajili yake tangu enzi za Sayyid Said. Mimi ni mtu wa Chwaka, na kutoka Chwaka bonde la Cheju haliko mbali, lile bonde la mpunga ambalo nusu ya shangazi zangu wamewahi kuinamia. Niliposikia "mchele" na "kipindupindu" katika sentensi moja, nilikaa kitako nikasoma mpaka usiku.

Kabla ya kufika Tokyo inabidi tupite Mji Mkongwe wa karne ya 19. Vumilieni.

Mwaka 1876 daktari mmoja Mskochi, James Christie, alichapisha London kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Christie alikuwa ameishi Unguja miaka kadhaa akitibu watu wa kila aina, mpaka watu wa nyumba ya Sultani. Anahesabu mawimbi manne: la 1821, la 1836 hadi 1837, la 1858 hadi 1859, na lile aliloliona kwa macho yake mwenyewe, la 1869 hadi 1870. Wimbi la tatu ndilo Richard Burton alilolikuta Kilwa mapema mwaka 1859, akiwa ametoka kwenye safari yake ya maziwa makuu.

Kinachonivutia kwa Christie ni kwamba alifanya kazi ya uandishi wa habari. Wakati ule bakteria wa kipindupindu hakuwa amekubalika kwa wataalamu kuwa ndiye chanzo. Robert Koch alikuja kumthibitisha mwaka 1883 na 1884, kwanza Misri, kisha India. Christie alikuwa na maswali tu. Aliwauliza wafanyabiashara, wasafiri na watu wa misafara: ulikuwa wapi, mwezi gani, nani aliumwa kwanza? Akaunganisha majibu. Wengi walizoea kudhani kila gonjwa hushuka na jahazi kutoka Bara Hindi. Yeye akaonyesha kuwa wimbi la 1869 lilikuja kwa miguu: lilitoka upande wa Bahari ya Shamu, likapita bara kwenye nchi ya Wamasai, likatokea Pangani, ndipo likavuka maji kuja Unguja. Wanahistoria mpaka leo wanakisoma kitabu chake wakitafuta njia za misafara, hata wasiojali tiba.

Watu waliokufa mjini mwaka ule walikuwa maelfu. Sayyid Barghash alishika kiti mwaka 1870, mji ukiwa ndio kwanza unatoka msibani, na katika utawala wake akajenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi mjini. Mabaki yake bado yapo. Mimi nasema ule mfereji umefanya kazi dhidi ya kipindupindu kuliko madaktari wote wa balozi za kizungu wakiwekwa pamoja, na anayetaka kubishana nami anakaribishwa.

Ila ulikuwa mfereji wa mjini. Pwani ya mashariki tulibaki na visima. Huku kwetu ardhi ni mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha maji yanazama mara moja, na kinachozama pamoja nayo kutoka chooni hakiulizi njia ya kwenda kisimani.

Sasa turuke. Wimbi la saba la dunia lilianzia Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970. Zanzibar ilipata mlipuko wake wa kwanza wa zama hizi mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, na baada ya hapo ukawa ni ugonjwa wa kuja na kuondoka. Watafiti waliopitia takwimu za visiwa hivi walichapisha mwaka 2011 jambo ambalo bibi yeyote wa shamba angewaambia bure: joto likipanda na mvua zikizidi, baada ya miezi michache wagonjwa wanaongezeka. Joto likipanda nyuzi moja tu, waliona, wagonjwa wanakaribia kuwa mara mbili miezi minne baadaye. Mlipuko ulioanza mwezi wa Septemba 2015 ulipitiliza wagonjwa elfu nne. Mtakumbuka mwaka 2016, skuli zilifungwa na biashara ya vyakula na juisi barabarani ikapigwa marufuku. Mji bila juisi ya miwa na bila urojo! Watu walicheka, lakini kambi za wagonjwa hazikuwa na cha kuchekesha.

Katikati ya miaka hiyo kuna tukio moja ambalo watu wengi wa rika langu hawalijui.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Zanzibar, pamoja na Shirika la Afya Duniani na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo yenye makao Seoul, iligawa chanjo ya kunywa katika shehia sita za Unguja na Pemba. Iliitwa Dukoral. Waliostahili kuipata walikuwa zaidi ya 48,000, na karibu 24,000, yaani nusu hivi, wakanywa dozi zote mbili. Matokeo yalitoka mwaka 2012: waliokamilisha dozi walikingwa kwa kiasi cha asilimia 79, na hata majirani ambao hawakunywa walinufaika kwa kuwa ugonjwa ulikosa pa kupita. Kwa chanjo ya kunywa, katika mazingira yetu, hayo ni matokeo makubwa. Zanzibar ilitoa ushahidi uliosaidia dunia kuamua kuzitumia chanjo hizi.

Lakini hebu fikiria shughuli yenyewe. Chupa ndogo lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kutoka kiwandani Ulaya, uwanja wa ndege, ghala, boti ya Pemba, hadi kwenye boksi la barafu la mhudumu wa shehia. Kisha kila mtu achanganyiwe unga wa kutoa povu katika kikombe cha maji, ili asidi ya tumbo isiiharibu dawa, na anywe kabla ya saa mbili kupita. Baada ya wiki moja au mbili, arudi tena. Maji hayo ya kikombe lazima yawe safi. Yaani ili umkinge mtu na ugonjwa wa kukosa maji safi, kwanza mtafutie maji safi.

Ndani ya Dukoral kuna vitu viwili: bakteria waliouawa, na protini moja peke yake. Hiyo protini ndiyo shujaa wa makala hii, kwa hiyo niruhusuni niieleze. Sumu ya kipindupindu ina sehemu A na sehemu B. Sehemu B ni vipande vitano vilivyoshikana kama pete, kazi yake ni kung'ang'ania ukuta wa utumbo. Sehemu A ndiyo inayoingia ndani ya chembe na kufungua bomba, mtu akamwaga maji ya mwili wake lita kwa lita. Ukitenga B bila A unabaki na kitu kinachoshika ukuta lakini hakina madhara. Mwili unakiona, unajenga kingamwili dhidi yake, na siku sumu kamili ikija inakuta mlango umezibwa.

Protini B ya Dukoral inatengenezwa na bakteria waliobadilishwa jeni. Kwa wale wanaoshtuka wakisikia maneno "uhandisi jeni", basi habari ndiyo hiyo: Wazanzibari karibu 24,000 walishainywa mara mbili, na insulini anayojidunga mjomba wako mwenye kisukari imekuwa ikitoka kwa viumbe wa namna hiyo tangu mwaka 1982. Hoja ya watu wa mimea ni nyepesi. Ikiwa bakteria ndani ya mtungi wa chuma anaweza kufundishwa kutengeneza protini ya dawa, kwa nini usifundishwe mmea, ambao unahitaji jua, maji na mbolea tu?

Mwalimu wa mimea yupo tayari katika maumbile. Ni bakteria wa udongoni anayeitwa Agrobacterium, ambaye tangu zamani ana tabia ya kupenyeza kipande cha jeni zake ndani ya mmea ili umlishe. Wanasayansi walimnyang'anya kipande chake cha madhara wakampa mzigo mwingine wa kubeba. Mwaka 1989 watafiti wa Scripps, California, wakatangaza tumbaku inayotengeneza kingamwili. Mwaka 1992 Charles Arntzen na Hugh Mason, Texas, wakaonyesha tumbaku inayotoa protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ile ile inayotumika kwenye chanjo. Kwa nini tumbaku? Ina majani makubwa, inakubali kubadilishwa bila ubishi, na hakuna anayeila.

Arntzen ndiye aliyeipa fani hii ndoto yake, na ndoto ilikuwa inatuhusu sisi. Alitaka chanjo inayoliwa. Ndizi! Hakuna sindano, hakuna friji, hakuna boti ya barafu. Nchi maskini ipewe miche, ipande, watoto wale. Katika miaka ya 1990 magazeti ya dunia yaliipenda mno picha hiyo. Mwaka 1998 likaja jaribio la kwanza kwa binadamu, Chuo Kikuu cha Maryland: watu 14 walipewa viazi vibichi, 11 kati yao wakala viazi vyenye protini B ya bakteria mwingine wa kuharisha, ndugu wa karibu sana wa B yetu ya kipindupindu. Kumi kati ya hao 11 walijenga kingamwili. (Viazi vilikuwa vibichi kwa sababu moto wa jiko unaiharibu protini. Mwenye hamu ajaribu kutafuna kimoja.)

Basi ndizi za chanjo ziko wapi? Hazipo. Sidhani ni njama ya mtu, ingawa najua baraza za Darajani zingependa iwe hivyo. Kikwazo kilikuwa kipimo. Ndizi mbili za mkungu mmoja hazina protini sawa. Mtoto mmoja anakula nusu, mwingine anakula tatu. Mwili ukipewa kidogo kidogo kila siku unaweza kuizoea protini badala ya kujihami nayo. Na swali zito kuliko yote: ndizi ya dawa na ndizi ya kula zikichanganyika sokoni, nani atazitofautisha?

Jibu la swali hilo lilikuja mwaka 2002, na lilikuja vibaya. Kampuni ya ProdiGene ya Texas ilikuwa imepanda mahindi yenye protini ya chanjo ya nguruwe katika jimbo la Nebraska. Msimu uliofuata, mabaki ya mahindi yale yakaota yenyewe kati ya soya ya kawaida, soya ikavunwa nayo ikapelekwa ghalani. Kiasi cha busheli 500,000 za soya kikaharibiwa kwa amri ya serikali, kampuni ikapigwa faini ya dola 250,000 na gharama za usafishaji juu yake. Mwaka 2005 kampuni nyingine, Ventria, ilitaka kupanda Missouri mchele wenye protini za maziwa ya mama, kwa ajili ya watoto wanaoharisha. Anheuser-Busch, wanywesha bia wakubwa wa Marekani, wakasema hawatanunua punje moja ya mchele wa Missouri mchele huo ukipandwa pale. Ventria ikahamia Kansas, ambako mchele haulimwi kibiashara. Mnaona? Mkulima wa Missouri ana mnunuzi mkubwa wa kumsemea. Mkulima wa Cheju ana nani?

Ndipo tunafika Tokyo. Mwaka 2007 kundi la Hiroshi Kiyono wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilichapisha habari za mchele waliouita MucoRice, uliowekewa jeni ya ile ile sehemu B. Uzuri wa mpunga ni kwamba mbegu yake ina vifuko vya kuhifadhi protini, na protini ikikaa humo haisumbuliwi sana na asidi ya tumbo wala joto. Mchele ule ulikaa mwaka mmoja na nusu kwenye joto la kawaida la chumba bila kuharibika. Hausongwi ugali wala haupikwi pilau: unasagwa unga, unachanganywa na maji kidogo, unanywewa kwa kipimo kama dawa. Yaani tatizo la kipimo limetatuliwa kwa kuacha kuuita chakula.

Turudi kwenye boti ya Pemba ya mwaka 2009. Protini ileile ambayo ilibebwa kwenye barafu kuvuka mkondo, hii hapa ndani ya mfuko wa unga unaoweza kukaa kabatini kwenye kituo cha afya kisicho na umeme. Niliposoma hapo nilisimama nikazunguka chumba.

Nilimsimulia mama mmoja wa Chwaka ambaye amelima Cheju miaka mingi. Alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo mwanangu, tutaupanda lini?"

"Hatutaupanda, bi mkubwa. Unapandwa ndani ya nyumba, kwenye maji, taa juu. Hautoki nje."

"Mpunga haujui jua?"

"Haujui."

"Basi huo wao," akasema, akaendelea na ungo wake.

Na ni kweli. Baada ya mambo ya Nebraska na Missouri, hakuna mtu mwenye akili anayetaka mpunga wa dawa uchavuliwe jirani na mpunga wa kula. MucoRice unakuzwa ndani ya jengo lililofungwa, mizizi ikielea kwenye maji yenye virutubisho, kila kitu kikihesabiwa kama kiwandani. Mimi naona ni sahihi. Fikiria Cheju, vipande vya watu mamia vimepakana, mbegu zinaazimwa, ndege hawajui mipaka. Tena sheria zetu haziko mbioni: Tanzania Bara ilianza jaribio la mahindi ya uhandisi jeni Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali ikaamuru lisimamishwe, na hayo yalikuwa mahindi ya kula tu.

Lakini tuseme wazi kilichotokea. Ndoto iliuzwa kwa jina la vijiji kama Chwaka: dawa itaota kwenu, mtaichuma wenyewe. Miaka ilivyokwenda mmea ukatolewa shambani, ukaingizwa kwenye kitalu, kisha kwenye jengo la taa, na mwisho ukabaki mtambo kama mitambo mingine, wenye hataza na mwenye mali. Sababu za kila hatua zilikuwa nzuri. Jumla yake ni kwamba bi mkubwa amesema sawa: huo wao.

Wakati mchele uko Tokyo, tumbaku ilikuwa imeshafika kwa Waswahili wenzetu, na hapa historia inakuwa ya damu. Mwaka 2014 Ebola ilipopamba moto Afrika Magharibi, Wamarekani wawili waliougua Liberia walipewa dawa ya majaribio iitwayo ZMapp: kingamwili tatu zilizochanganywa, zilizotengenezwa ndani ya majani ya mmea wa jamii ya tumbaku, Nicotiana benthamiana, katika kitalu cha Owensboro, Kentucky. Mmea unazamishwa kichwa chini kwenye maji yenye Agrobacterium, hewa inavutwa, bakteria wanaingia kwenye majani, na baada ya wiki moja hivi majani yanasagwa na dawa kuchujwa. Wote wawili walipona. Dunia ikapiga kelele: tupeni! Akiba ilikuwa ya watu wa kuhesabu kwa vidole, ikaisha mwezi wa Agosti uleule.

Miaka minne baadaye Ebola ikaibuka Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki ya Kongo, kwenye miji ambako muuguzi na mgonjwa wanaongea Kiswahili. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zilishindanishwa kwa haki, huku wanamgambo wakivishambulia vituo hivyo hivyo. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alikuwa mmoja wa viongozi wa jaribio. Wagonjwa 681 waliingia. Agosti 2019 majibu yakaonekana wazi kabla ya muda: waliopewa ZMapp walikufa karibu asilimia 50, waliopewa mAb114, ambayo asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, walikufa asilimia 35, na waliopewa REGN-EB3, karibu asilimia 34. ZMapp ikaondolewa. Washindi wote wawili wanatengenezwa kwenye chembe za wanyama, ndani ya mitungi ya chuma. Isisemwe kwamba mmea ndio ulioshindwa, kwa sababu kingamwili zenyewe zilikuwa tofauti, na ZMapp ilidungwa mara tatu ndani ya siku kadhaa wakati mAb114 ni mara moja tu. Ila dawa maarufu kuliko zote kutoka kwenye mmea ilipimwa kwa haki kwenye ardhi ya Kiswahili, na haikushinda.

Mimea haijakosa ushindi. Mei 2012 Marekani iliidhinisha dawa ya ugonjwa wa Gaucher inayotengenezwa na chembe za karoti na kampuni ya Protalix ya Israeli. Februari 2022 Kanada iliidhinisha chanjo ya UVIKO ya kampuni ya Medicago, iliyotengenezwa kwenye ile ile jamaa ya tumbaku. Kisha sikilizeni kisa hiki. Shirika la Afya Duniani likaikataa, si kwa sababu haifanyi kazi, bali kwa sababu mmoja wa wenye hisa alikuwa Philip Morris, wauza sigara. Ilipofika Februari 2023 wenye Medicago wakaifunga. Nchi yetu inalima tumbaku Urambo, Tabora na kwingineko, inauza majani makavu watu wavute, na sijawahi kusikia waziri akiulizwa bungeni kama kuna kitu kingine kinachoweza kufanywa na mmea ule. Afrika Kusini wameshaanza kuuliza. Chuo Kikuu cha Cape Town kina watu waliobobea katika kazi hii miaka mingi.

Kwa nini nisumbuke na haya yote, wakati chanjo za kawaida za kipindupindu zipo na ni rahisi kuliko Dukoral? Kwa sababu hazitoshi. Oktoba 2022 wasimamizi wa akiba ya dunia walitangaza kwamba kwenye milipuko itatolewa dozi moja badala ya mbili, maana chupa zimekwisha na nchi zinazoomba ni nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2023 mmoja wa watengenezaji, wa India, akaacha kutengeneza kabisa. Mzigo ukabaki kwa Wakorea. Kisiwa kilichosaidia kuthibitisha dozi mbili sasa kinaweza kuambiwa kipange foleni ya dozi moja. Unga unaokaa kabatini bila friji, uwe umetoka kwenye mmea au kwenye mtungi, ungetupa sisi nafasi ya kuweka akiba yetu wenyewe kabla masika hayajaanza. Swali langu kwa wakubwa si kama tuupande Cheju. Swali ni kama kuna mtu Wizarani anayefuatilia, anayejua majaribio yako hatua gani, na yuko tayari kusema Zanzibar inataka kuwemo kwenye mazungumzo kabla bei haijapangwa.

Maana kuna jambo moja la mwisho kwenye karatasi za Wajapani. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya jaribio la kwanza kwa binadamu, wanaume wenye afya njema huko Japani, na baadaye likafuata jingine kwa watu wazima wa Marekani. Mchele ulikuwa salama. Wengi wa Wajapani walioupata walijenga kingamwili, lakini baadhi hawakujenga, na walipochunguzwa, bakteria wa kawaida wanaoishi matumboni mwao walikuwa tofauti na wa wenzao. Tumbo la mtu wa Tokyo limelelewa na chakula chake na maji yake. La mtu wa Chwaka limelelewa na muhogo, dagaa na kisima cha matumbawe.

Zanzibar ina mpango wa kutokomeza kipindupindu wa mwaka 2018 hadi 2027, na sehemu kubwa ya mpango huo ni mabomba, vyoo na maji. Barghash angeuelewa bila mkalimani. Nitauandikia makala yake peke yake, nikishapata hesabu za fedha.

Na kama kuna msomaji ambaye mwaka 2009 alikuwa katika moja ya zile shehia sita akanywa kile kikombe, naomba aniandikie. Unga wake wa povu ulitiwa ladha ya matunda ya Ulaya ambayo hayaoti kwetu, na nina hamu ya kujua bibi zetu waliionaje.